Kabla ya Kununua Mche wa Aprikoti, Kausha Plamu Zako Kwanza



Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kikundi cha akina mama katika moja ya vijiji ninavyovihudumia huku milimani Usambara. Kikoba chao kinakaribia kuvunjwa, na fedha za mwaka mzima zipo kwenye sanduku lile lenye kufuli tatu. Kabla yangu alikuwa amepita mtu mwenye picha kwenye simu: miti mifupi iliyosheheni matunda ya rangi ya machungwa, majani hayaonekani kwa wingi wa matunda. "Hizi ni aprikoti," akawaambia. Mche mmoja Sh 15,000. Miaka miwili unavuna, na soko lipo Uarabuni. Watangulize fedha za miche 100, naye ataileta kabla ya masika.

Hiyo ni Sh 1,500,000. Kwa kikundi kile ni karibu akiba yote.

Mwenyekiti, bibi mmoja ninayemheshimu sana, akanigeukia: "Haya bwana shamba, wewe ndiye uliyesoma. Tununue au tusinunue?"

Nilijibu tusinunue. Wengine hawakufurahi, na mmoja alisema wazi kwamba sisi maofisa hatupendi wakulima waendelee. Nimeona niandike sababu zangu hapa, maana nasikia mtu huyo anaendelea na safari yake vijiji vya jirani. Na nina deni la kusema jambo moja kuhusu plamu zetu, ambalo nitalifikia mbele.

Aprikoti ni tunda gani?

Aprikoti ni ndugu wa plamu, pichesi na lozi. Wote ni ukoo mmoja: tunda lenye nyama laini nje na kokwa ngumu moja katikati. Ukubwa wake ni kama plamu kubwa, ngozi ina vinyweleo laini kama pichesi, na likiiva vizuri huwa na utamu wenye uchachu kidogo. Waarabu huliita mishmish. Limelimwa tangu zamani sana China na nchi za katikati ya Asia, na leo nchi inayoongoza kwa kulilima ni Uturuki. Huko, mji wa Malatya na vijiji vyake ndio unaojulikana dunia nzima kwa aprikoti zilizokaushwa.

Basi kwa nini nisiseme tupande? Kwa sababu ya baridi.

Utasema, "Bwana shamba, baridi ya Lushoto huioni?" Naiona, tena mwezi wa Julai silali bila blanketi mbili. Lakini mti wa aprikoti unataka baridi ya aina nyingine. Nchi zao zina majira ya baridi ya miezi kadhaa. Mti hupukutisha majani, hulala, na hesabu yake huanza: saa nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Sentigredi au karibu na hapo. Aina nyingi za aprikoti zinahitaji mamia ya saa hizo. Zikitimia, mti unaamka na kuchanua kwa pamoja. Zisipotimia, mti unasinzia tu: unatoa majani huku na kule, maua machache, matunda ya kuhesabu kwa vidole au hakuna kabisa. Kwetu usiku unaweza kuwa na baridi ya kuuma, lakini jua likitoka kunapata joto na hesabu inavurugika.

Mfano mzuri upo Oman, ambako baadhi ya watu wa pwani yetu wana ndugu. Nchi ile ni ya joto kali, lakini aprikoti zinalimwa kwenye mlima wa Jabal Akhdar, kwenye matuta yaliyo juu kiasi cha mita 2,000, pamoja na makomamanga na mawaridi. Kule chini Maskati huoni mti huo. Ni tunda lile lile na nchi ile ile, ila baridi ya mlimani ndiyo inayoamua.

Sisemi kwamba haiwezekani kabisa. Zipo aina zinazohitaji baridi kidogo, na sehemu zenye baridi kali zaidi, kama nyanda za juu za Njombe na Makete, zinaweza kujaribiwa. Lakini neno ni kujaribu. Unajaribu miche miwili au mitatu, jina la aina likiwa limeandikwa, chanzo kikijulikana, na kama imetoka nje ya nchi iwe imepitia ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Hatujaribu kwa akiba ya akina mama thelathini. Nilipompigia simu yule mwenye miche nikamuuliza ni aina gani, alijibu, "Ni aina bora." Hilo silo jina la aina.

Misri wana msemo wakitaka kumwambia mtu kwamba ahadi yake haitatimia: "Kesho, kwenye mishmish." Msimu wa tunda hilo ni mfupi mno, ukigeuka umekwisha. Nilipowasimulia akina mama wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Basi na yeye katuambia kesho."

Utajiri wao uko wapi?

Sasa nije kwenye hoja yangu kubwa.

Aprikoti mbichi ni tunda dhaifu. Likiiva halikai. Likibanwa kwenye safari ndefu linapondeka. Ukitazama, ni tatizo lile lile la plamu zetu. Wakulima wa Malatya wangetegemea kuuza mbichi peke yake, wangekuwa wanamwaga kama sisi. Wanachofanya ni kulikausha. Wanavuna, wanatoa kokwa, wanatandaza juani, na tunda lililokuwa la siku chache linakuwa la miezi mingi. Kwa hiyo linaweza kusafiri kwa meli na kukaa dukani bila haraka, na mkulima naye anaweza kusubiri bei.

Wasyria nao wana njia yao. Wanaponda aprikoti, wanachuja, wanatandaza uji wake kwenye sinia hadi ukauke na kuwa kama karatasi ya ngozi. Wanaiita qamar al-din. Mwezi wa Ramadhani watu wa nchi nyingi za Kiarabu huloweka karatasi hiyo kwenye maji na kupata kinywaji kizito cha kufuturia. Afrika Kusini wanapika jamu ya aprikoti, na haiishii kwenye mkate tu, wanaitia hata kwenye nyama. Moroko wanapika nyama ya kondoo taratibu pamoja na aprikoti kavu na viungo, kama sisi tunavyotia zabibu kwenye pilau.

Kwa hiyo yule mtu mwenye picha kwenye simu alituonyesha mti tu. Kazi inayofanyika baada ya kuvuna hakuionyesha, na humo ndimo mna fedha.

Siku ya kikao nilikuwa na pakiti moja ya aprikoti kavu. Nilipewa na mfanyabiashara wa Mombo ambaye dada yake anafanya kazi Maskati. Niliigawa, kila mtu nusu kipande. Bibi mwenyekiti akatafuna, akanyamaza, akatafuna tena. Akasema, "Mwanangu, hii si plamu iliyokauka hii?" Nikamwambia, "Bibi, umemaliza mkutano."

Deni langu

Miaka michache iliyopita, nikiwa mgeni kwenye kata hii na stashahada yangu bado mpya mfukoni, nilihimiza watu wapande plamu zaidi. Nilionyesha namna ya kupogoa, nafasi kati ya mti na mti, mbolea ya samadi. Miti ikakubali. Msimu wa kwanza mkubwa ulipofika, kila nyumba ilikuwa na plamu, na kila nyumba ilizitoa wiki ile ile. Ndoo ya lita 20 ilianza Sh 6,000, ikaishia Sh 2,000, na mwisho dalali akaacha kuja. Nilimkuta mzee mmoja akimpa ng'ombe wake plamu zilizoiva vizuri kabisa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ng'ombe anashukuru, bwana shamba."

Maneno yale sijayasahau. Niliwafundisha kuzalisha, sikuwafundisha kuhifadhi wala kuuza. Ndiyo maana sasa, mtu akija na mche mpya, swali langu la kwanza ni moja: wiki ambayo wote tutavuna, tunda litakwenda wapi? Asiye na jibu la swali hilo hajaleta mradi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni plamu, pichesi, peasi na matufaha ambayo tayari yamezoea ardhi hii tangu enzi za Wajerumani.

Jaribio langu na hesabu zake

Msimu uliopita nilijaribu mwenyewe. Nilinunua ndoo moja ya plamu kwa Sh 2,000. Kwenye mizani ilikuwa kilo 13. Nilipotoa kokwa na zile zilizooza, nikabaki na kilo 11. Zilipokauka zikawa kilo 1 na gramu 800. Usishtuke, ni maji yameondoka. Nikafunga pakiti 18 za gramu 100.

Yule rafiki yangu wa Mombo akaziuza kwa wateja wake anaowajua, Sh 1,000 kila pakiti, akabaki na Sh 200 yake. Nilipata Sh 14,400. Ondoa plamu Sh 2,000, vifuko Sh 1,800, ndimu Sh 500 na nauli Sh 3,000. Jumla ya gharama Sh 7,300. Nikabakiwa na Sh 7,100 kwa ndoo ambayo ingeuzwa Sh 2,000.

Ila tusidanganyane. Sikujilipa kazi ya siku tatu. Na kuuza pakiti 18 kwa watu unaowajua si sawa na kuuza pakiti 1,800. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi kila mmoja aandike za kwake.

Namna ya kukausha

1. Chagua plamu zilizoiva lakini bado ngumu kidogo. Zilizopondeka peleka kwenye jamu. Zilizooza au zenye ukungu tupa.

2. Osha kwa maji safi. Chovya kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha weka kwenye maji ya baridi. Ngozi ya plamu ina nta, na kuchovya huku kunaipasua kidogo ili maji ya ndani yatoke. Pichesi menya.

3. Kata katikati, toa kokwa. Loweka dakika 10 kwenye maji yenye ndimu, kikombe kimoja cha ndimu kwa vikombe vitatu vya maji. Hii hupunguza kuwa nyeusi. Zile aprikoti za dukani zinazong'aa rangi ya machungwa zimefukizwa kwa moshi wa salfa. Zisizofukizwa huwa za kahawia na ni nzuri tu. Sisi tusitumie salfa kienyeji. Moshi wake ni hatari kwa anayefukiza, na mabaki yake huwasumbua wenye pumu.

4. Panga kwenye trei ya wavu safi, upande uliokatwa ukitazama juu, vipande visigusane. Funika kwa chandarua kuzuia inzi. Kikaushio cha jua chenye nailoni juu na matundu ya kupitisha hewa ni bora zaidi kuliko kuacha wazi.

5. Jua likizama ingiza ndani. Siku ya pili geuza. Kwa jua zuri ni siku tatu hadi nne. Bana kipande kwa vidole: kisitoe maji, kiwe kinapinda kama ngozi bila kuvunjika.

6. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko kwa wiki moja, ukitikisa kila siku. Ukiona unyevu kwenye mfuniko, rudisha juani. Baada ya hapo funga vizuri.

Tatizo letu ni ukungu wa milimani. Msimu wa plamu ni Desemba hadi Februari, na kuna siku jua halionekani kabisa. Maoni yangu ni haya: tukaushie Mombo. Pale chini kuna joto na jua kali, na tayari magari yanashuka kila siku kwa barabara ile ile kupeleka mazao. Kikundi cha juu kikikubaliana na mfanyabiashara wa chini mwenye uwanja na paa la bati, tunda linashuka asubuhi limekwisha kukatwa na kutolewa kokwa. Na pale pale mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapita. Kwa Sh 1,500,000 ya miche, akina mama wanaweza kutengeneza trei na vikaushio, wakanunua mizani na vifuko, na bado wakabakiza akiba.

Njia nyingine za kufaidi

Jamu: kilo 1 ya nyama ya plamu, gramu 750 za sukari, ndimu 2. Chemsha plamu kwanza hadi zilainike, tia sukari na ndimu, koroga moto ukiwa mkubwa. Tone lake kwenye sahani baridi likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, imeiva. Jaza ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa.

Kavu zako usiziuze zote. Katakata utie kwenye uji wa watoto, au loweka usiku kucha uzipike na pilau badala ya zabibu. Aprikoti na pichesi za njano zina kiini lishe cha vitamini A, na matunda haya yote yana nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Mwenye kisukari awe mwangalifu, maana maji yakitoka sukari inabaki yote: vipande vichache tu vinatosha.

Onyo moja. Usivunje kokwa za aprikoti, plamu au pichesi ukala kiini cha ndani, hasa kilicho kichungu. Kina kemikali ambayo tumboni hugeuka sumu ya sainidi. Wapo wanaouza viini vya aprikoti kama dawa ya saratani. Havijathibitishwa kutibu, na vimewahi kudhuru watu. Watoto wakataze.

Msimamo wangu

Kikundi kimeamua kusubiri. Fedha haijatoka kwenye sanduku. Tumekubaliana kwamba msimu huu tunakausha ndoo 10 kwa pamoja, tunaandika kila gharama, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Ikilipa, tutakwenda SIDO kujifunza usindikaji na kufuata taratibu za TBS kabla ya kupeleka bidhaa madukani. Isipolipa, tutakuwa tumepoteza ndoo 10 za plamu ambazo pengine zingeliwa na ng'ombe.

Wafanyabiashara wa Soni, Mombo na Lushoto mjini, nanyi nawaomba. Msisubiri bei ianguke ndipo mje. Njooni sasa mkae na vikundi, mseme mnataka pakiti za ukubwa gani na mtachukua ngapi. Mkulima akiwa na neno la mnunuzi atakausha kwa moyo.

Na yule ndugu mwenye miche, kama unasoma hapa, karibu. Lete miche mitatu yenye jina la aina, tuipande kwenye shamba darasa mbele ya kila mtu. Ikizaa, mimi mwenyewe nitakuwa mteja wako wa kwanza. Lakini fedha ya kikoba iache ilipo.

Tukutane shambani.